Mtoto anayelipuka hasira kila siku nyumbani: tafuta chanzo kabla ya kutafuta dawa

Mtoto wa miaka 2 kujigaragaza sakafuni kwa sababu umemmenyea ndizi aliyotaka kuimenya mwenyewe si ugonjwa, si pepo, na haina maana kwamba malezi yamekushinda. Kuanzia kama mwaka mmoja na nusu hadi miaka 4 hivi, karibu kila mtoto hupita hapo. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtu kujizuia, kungoja na kubadili alichokwisha kukipania, huchelewa kukomaa kuliko nyingine zote. Matakwa anayo tayari. Uwezo wa kuyazuia bado.

Kazi inakuja pale milipuko inapokuwa ya kila siku, tena mara kadhaa, na watu wazima nyumba nzima wananong'ona ili "asianze". Mzazi anayefika hapo huuliza: nimfanyeje akianza? Mimi nashinda na watoto wa chekechea, na swali hilo huwa naliweka pembeni kidogo. Nataka kwanza kujua analipuka saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, nani alikuwepo, na mwisho wake alipata nini.

Kwa hiyo andika kwa wiki moja, kwenye daftari au kwenye simu. Usiandike "leo kasumbua sana", maana hiyo haisaidii mtu. Andika hivi: "Saa 12 jioni. Nimezima tivii. Kapiga teke kiti, kalia dakika kama nne. Dada kamwashia tena." Mstari mmoja kama huo unaonyesha chanzo na unaonyesha pia kinachoufanya mlipuko wa kesho uje. Baada ya wiki utaona mistari inafanana. Tafuta hapa chini hali inayofanana na yako. Si lazima usome zote.

Mlipuko ukiwa umeshaanza

Hili ni fupi kwa sababu katikati ya mlipuko hakuna mengi ya kufanya. Ondoa kinachoweza kumuumiza: mvute mbali na jiko la mkaa, ngazi, meza ya kioo. Chuchumaa karibu naye. Sema maneno machache kwa sauti ya chini: "Umekasirika. Nipo hapa." Kisha nyamaza. Usimuulize "unataka nini?" mara kumi, usimhubirie, usimtishie polisi wala daktari wa sindano (siku ukimpeleka hospitali kweli utajuta).

Kunyamaza kuna sababu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani Michael Potegal na Richard Davidson walichambua milipuko ya watoto zaidi ya 300 wa miezi 18 hadi miaka 5. Waliona kwamba ghadhabu hupanda haraka sana mwanzoni na kushuka, wakati huzuni, yaani kulia na kutaka kubembelezwa, huendelea muda wote na ndiyo inayobaki mwishoni. Milipuko mingi ilikwisha ndani ya dakika 5. Maneno yako ya dakika ya kwanza yanagonga ghadhabu, na ghadhabu haisikii. Ngoja kilio kibadilike, mayowe yageuke kuwa kwikwi. Hapo ndipo mikono yako inapofaa: mshike, mfute uso, mpe maji. Sentensi moja ya mafunzo inatosha: "Ukitaka zamu, sema 'naomba'. Kupiga hapana." Basi, yameisha. Mtoto wa umri huu ukimrudishia kesi baada ya saa moja hajui unazungumzia nini.

Na kumrekodi analia ili kuwarushia ndugu kwenye kundi la WhatsApp wacheke, tuache.

Hulipuka jioni, karibu saa ile ile

Hii ndiyo hali ninayoiona kuliko zote, na ndiyo rahisi kuliko zote kuitengeneza, ila watu hawaiamini kwa sababu inaonekana ya kawaida mno.

Chukua mtoto wa miaka 3 na nusu wa mjini. Anaamshwa saa 11 alfajiri ili basi la shule limpitie saa 12. Anarudi saa 10 jioni. Mlangoni anavua viatu, soksi inakwama kwenye kisigino, anaivuta, haitoki, analipuka: kiatu kinarushwa, begi linapigwa teke, anajitupa kwenye zulia la mlangoni. Anayetazama atasema kalia kwa ajili ya soksi. Fungua hotpoti yake. Chipsi za asubuhi zimekauka na kujikunja, yai limeng'atwa mara moja, juisi tu ndiyo imeisha. Sasa una habari mbili: hajala chochote cha maana tangu alfajiri, na hajalala tangu alipoamka, labda dakika chache shingo ikining'inia kwenye kiti cha basi.

Kuhusu usingizi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Piga hesabu ya nyumbani kwako. Anayeamka saa 11 alfajiri, ili afikishe hizo saa 10 za chini kabisa bila usingizi wa mchana, awe amelala saa 1 usiku. Nyumba nyingi saa 1 usiku maharage ndiyo kwanza yanachemka. Baba anasubiriwa, taarifa ya habari ya saa 2 inatazamwa, chakula kinaliwa saa 3, mtoto analala saa 4. Hizo ni saa 7. Mtu mzima mwenyewe akilala hivyo wiki nzima anagombana na kondakta.

Cha kufanya ni kumpa kitu cha kula akifika tu, kabla ya kuulizwa habari za shule na kabla ya kuvuliwa sare: uji, ndizi mbivu, kiazi kitamu, mkate wenye karanga za kusaga (karanga nzima zinaweza kumkaba, usimpe bado). Biskuti na soda vinaziba tumbo kwa nusu saa kisha njaa inarudi. Halafu aoge, ale chakula chake cha usiku saa 12 na nusu, hata kama wakubwa watakula baadaye. Kuna familia zinaona vibaya mtoto kula kabla ya baba. Naelewa heshima yenyewe, ila baba anaweza kula naye kifungua kinywa Jumamosi na Jumapili, na mtoto atakuwa na hali ya kuzungumzika.

Usingizi usiurudishe nyuma saa tatu kwa siku moja, hatalala. Urudishe robo saa kila baada ya siku mbili tatu. Na kama kuna chekechea ya karibu ambayo basi lake haliji alfajiri, hilo nalo lifikirie. Shule yenye jina ikimnyima mtoto saa tatu za usingizi kila siku, jina lake halimsaidii.

Wiki moja ya chakula cha mapema na usingizi wa kutosha ikipunguza milipuko kwa nusu, ishia hapo. Huhitaji mbinu nyingine.

Hulipuka ukizima tivii au ukichukua simu

Katuni za simu hazina mwisho. Moja ikiisha nyingine inajianzisha yenyewe, kwa hiyo wakati wowote utakaoizima, kwake umemkata katikati. Kumwambia "dakika tano zimebaki" ni kazi bure, kwani mtoto wa miaka 3 hajui dakika tano zina urefu gani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Ukiwa mbali na kiwango hicho, na wengi tuko mbali, anza kwa kubadili namna ya kumaliza. Zima ule mpangilio wa video kujianzisha zenyewe. Mwambie kabla: "Katuni mbili, halafu tunaenda kumwagilia mchicha." Ya pili ikiisha, abonyeze yeye mwenyewe kuzima. Kitu kinachofuata kiwe tayari mikononi, ndoo au kopo la kumwagilia, na simu itoweke machoni kabisa. Ukiiweka juu ya friji ataikodolea macho hapo hapo.

Lililo zito zaidi ni simu kutumika kama kibembelezi. Akilia, simu. Akigoma kula, simu. Mtoto anayetulizwa hivyo hapati nafasi ya kujifunza kutulia kwa njia nyingine, na siku chaji ikiisha hana kitu. Siku za kwanza za kuiondoa zitakuwa mbaya. Jipange kuianza wikendi ambayo uko nyumbani.

Hulipuka dukani, kwa bibi na mbele ya wageni

Ikiwa daftari linaonyesha kwamba saa hazifanani lakini mahali panafanana, na kila mlipuko unaishia kwa yeye kupata alichotaka, basi mtoto amejifunza jambo. Usilichukulie kuwa ni ujanja mbaya. Amefanya jaribio na jibu limemjia.

Mko dukani kwa Mangi. Anataka ubuyu, unasema hapana. Analia, unasema hapana. Anajitupa chini, watu wa foleni wanageuka, mama mmoja anasema "mpe tu jamani mtoto", unatoa mia mbili. Kesho yake hatapoteza muda kwenye kuomba wala kulia; ataanzia chini kwenye vumbi, kwa sababu huko ndiko ubuyu ulikotoka. Na ukimpa mara moja katika mara tano, inakuwa ngumu zaidi kuliko kumpa kila siku: amejifunza kwamba akivumilia zaidi kidogo, mara ya tano inakuja.

Kwa hiyo amua nyumbani, kabla ya kuvaa ndala. Ukijua utampa, mpe mapema anapoomba vizuri, na uwe na amani. Hakuna ubaya mtoto kupata ubuyu. Ukijua hutampa, mwambie mkiwa bado mlangoni: "Leo tunanunua mkate na sabuni. Ubuyu haupo. Wewe utabeba mkate." Kazi ya kubeba si ndogo, inampa mikono kitu cha kufanya. Akilipuka hata hivyo, lipa, mbebe, ondokeni. Wale wa foleni hamtakula nao chakula cha usiku.

Ukianza kushikilia hapana yako, tegemea mambo kuharibika kabla ya kutengemaa. Kilio kitapanda, kitarefuka, atajaribu vitu vipya, labda kujitapisha au kujigonga kichwa kidogo huku anakutazama. Hapa ndipo wazazi wengi huachia na kusema "hiyo njia haifanyi kazi kwa wangu". Wameachia pale pale ilipokuwa inaanza kufanya kazi, na bei ya mlipuko imepanda. Kama huna nguvu za kushikilia wiki hii, una mgonjwa, una msiba, usianze wiki hii.

Sasa bibi. Mama anakataza, bibi anatoa; baba anakataza, mama anatoa baba akitoka; dada wa kazi anatoa kwa sababu akimwacha alie ataulizwa "mtoto analia nini?" Hapa kosa si la mtoto, na huwezi kulitatua kwa kumrekebisha yeye. Kaeni watu wazima wote, na dada awepo, mkubaliane mambo matatu tu ambayo hapana yake ni ya kila mtu. Labda simu wakati wa kula, kupiga watu, na pipi kabla ya chakula. Mengine kila mtu atumie busara yake. Mkiweka sheria kumi na tano hakuna atakayezishika, bibi akiwa wa kwanza kuzivunja.

Na bibi usimwendee kwa "unamharibu mtoto". Kalea watoto wanane, atakusikiliza kwa adabu na kuendelea. Mwendee kwa kumwomba: "Mama, nisaidie. Akililia kitu, usimpe akiwa analia. Akinyamaza, mpe wewe, kwa mkono wako." Bibi anabaki na raha ya kutoa, mtoto anajifunza kwamba vitu huja baada ya kunyamaza. Nimeliona hili likifanya kazi hata kwa mabibi wagumu.

Upande wa pili wa jambo hili husahaulika. Mtoto anayesikika anapolia tu, atalia. Akicheza kimya robo saa hakuna anayemwona, akipiga kelele nyumba nzima inageuka. Mpe dakika kumi kila siku ambazo ni zake, yeye achague mchezo, simu yako iwe chumbani. Na akingoja zamu yake bila kelele, hata kwa sekunde chache, mwambie ulichokiona: "Umengoja mpaka nimemaliza kuongea. Asante mwanangu." Kusema "kama mtoto mzuri" kunamwacha hajui amefanya nini.

Chekechea ametulia, nyumbani anawaka

Mwalimu anakuambia hana shida kabisa na wewe unahisi anamsema mtoto mwingine. Mara nyingi ni habari njema. Siku nzima amejizuia, amekaa foleni ya choo, amenyang'anywa kalamu akanyamaza. Akikuona, anajiachia kwa mtu anayejua hatamkimbia. Mpe nusu saa ya kwanza bila maswali na bila amri, na chakula kama nilivyosema.

Alikuwa hana shida, ghafla kabadilika

Tafuta kilichobadilika wiki mbili tatu kabla. Mdogo wake amezaliwa. Kaachishwa ziwa kwa kupelekwa kwa bibi, akarudi akakuta kila kitu kimegeuka. Baba kahamishwa kikazi. Mmehama.

Kuna moja ambalo familia hulipita bila kuliona: dada wa kazi kaondoka. Kwako ni mfanyakazi aliyeacha kazi. Kwa mtoto ni mtu aliyemwogesha, akamlisha na kumlaza tangu ana miezi mitatu, na asubuhi moja kaondoka na begi lake kabla hajaamka, ili "asilie". Ameondokewa na mtu, na hakuna anayelitaja jina lake. Akilipuka kila anapooshwa na dada mpya, usishangae. Mwambie dada fulani amerudi kwao, hatakuja, na alikuwa anampenda. Kama mmeachana vizuri, mpigie simu waongee. Na wakati mwingine mwache aage, hata kama atalia.

Kwa mtoto mchanga mpya, usimwambie mkubwa "wewe sasa mkubwa, acha kulia" kila saa. Ana miaka 2. Mpe kazi ndogo, kuleta nepi, kuimba. Wageni wanaokuja kumwona mchanga waombe wamsalimie mkubwa kwanza.

Lakini kama mabadiliko yameambatana na kumwogopa mtu mmoja, kugoma kuvuliwa nguo au kuogeshwa, maumivu au alama sehemu za siri, michubuko isiyoelezeka, au kuanza tena kukojoa kitandani, usiyachukulie kuwa hasira za utoto. Mtenge na mtu huyo leo, mpeleke kituo cha afya, na upige 116. Namba hiyo ya msaada kwa watoto ni ya bure, Tanzania na Kenya.

Ananyoosha kidole, hasemi, halafu analipuka

Kutoeleweka kunachosha hata mtu mzima aliye ugenini. Mtoto wa miaka 2 anatarajiwa kuunganisha maneno mawili, "mama njoo", "taka maji". Kama hajafika, jaribu vitu viwili nyumbani: mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake, na umwombe alete kitu bila kukionyesha kwa kidole. Asipogeuka wala kuelewa, anza na kupima masikio. Masikio yanayouma na kutoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi.

Wakati huo huo mpe maneno ya hali yake kila siku, na ishara za mikono: nataka, basi, nisaidie, bado. Na usiache kuongea naye Kichaga au Kisukuma kwa kuhofia kumchanganya. Lugha mbili nyumbani hazileti ugonjwa wa kuchelewa kusema.

Kama pamoja na kuchelewa kusema hakutazami machoni, haonyeshi kitu ili nawe ukione, hageuki akiitwa jina, na hulipuka utaratibu wake mdogo ukibadilika, kikombe kingine, njia nyingine, uliza kuhusu usonji (autism). Kuuliza mapema hakumpi mtoto ugonjwa.

Mwili wenyewe unamsumbua

Mtoto haji kukuambia "nina upungufu wa damu". Anakuja na kisirani. Tazama haya:

Anakoroma, analala mdomo wazi, anashtuka usiku, mchana ana hasira na uchovu: huenda ni nyama za pua. Usingizi wake haumpumzishi hata akilala kwa muda wa saa 12. Rekodi dakika mbili za anavyopumua akiwa amelala umwonyeshe daktari.

Anajikuna njia ya haja kubwa usiku na halali vizuri: minyoo midogo myeupe. Dawa hurudiwa baada ya wiki 2 na hunywewa na watu wote wa nyumba, la sivyo mnaambukizana tena. Tanzania, watoto wa mwaka 1 hadi 5 hupewa dawa za minyoo pamoja na matone ya vitamini A kila Juni na Desemba. Angalia kadi yake ya kliniki kama alipata.

Viganja na ndani ya kope vimepauka, anakula udongo, amechoka: apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma humfanya mtoto awe mwepesi wa kukasirika. Na chai pamoja na chakula huzuia mwili kuyachukua madini hayo, kwa hiyo kikombe cha chai ya rangi pembeni ya maharage na mchicha kinapunguza faida ya sahani.

Anajikunja, anakimbilia kona, analia akitaka kujisaidia: choo kigumu. Maji, papai, mboga, na asilazimishwe kukaa kwenye poti.

Analia mpaka pumzi inakatika

Analia, sauti inakwama, midomo inakuwa ya bluu, analegea na pengine kuzimia kwa sekunde chache. Wengi hudhani ni degedege au kurogwa. Hali hii huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 6 hivi, hawaifanyi makusudi, na pumzi hurudi yenyewe, kwa kawaida kabla dakika haijaisha. Mlaze chali au kwa ubavu chini, usimtikise, usimmwagie maji, usimwekee kijiko mdomoni. Mara ya kwanza ikitokea mpeleke akachunguzwe, na uombe apimwe damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huhusishwa na hali hii. Kama hazindukani ndani ya dakika moja, au viungo vinakakamaa na kurusharusha kwa muda, mkimbize hospitali. Baada ya hapo kazi ngumu ni yako: kutokubali kila kitu kwa hofu ya yeye kuzimia tena.

Anapiga, anauma, anatupa vitu

Mkono ukiinuka, ushike kabla haujafika. "Sitakuacha unipige." Sauti ile ile, kila mara, kila mtu. Akiuma mwenzake, mhudumie kwanza aliyeumwa, na yule aliyeuma akuone unamhudumia. Kisha mtoe mchezoni kwa muda mfupi, akae karibu nawe. Kumuuma na yeye "aone uchungu wake", jambo ambalo bado linashauriwa vibarazani, kunamthibitishia kwamba wakubwa huuma.

Hapo ndipo huja "mchelea mwana kulia hulia yeye", na fimbo nyuma yake. Methali haijataja fimbo. Inamwonya mzazi anayeogopa kilio, na huyo tumeshamwona kwa Mangi akitoa mia mbili. Fimbo humnyamazisha mtoto siku hiyo, halafu ukimtazama anavyocheza na mdoli utamwona ameushika upande mmoja anauchapa. Isitoshe mkono wenye hasira hauna kipimo. Ukihisi zimekupanda, mwache na mtu mwingine, toka nje, nawa uso. Kama uko peke yako, mweke mahali salama na usimame mlangoni mpaka upumue vizuri.

Lini umpeleke kwa mtaalamu

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walitaja dalili zinazotenganisha milipuko ya kawaida na ile inayohitaji kuchunguzwa kwa watoto wa miaka 3 hadi 6: kujiumiza mwenyewe kwa kujiuma, kujikwaruza au kujigonga, kushambulia watu au kuvunja vitu katika milipuko yake mingi, milipuko inayochukua zaidi ya dakika 25 kwa wastani, milipuko zaidi ya mitano kwa siku, kwa siku kadhaa, na kushindwa kabisa kutulia bila msaada wa mtu. Mimi ningeongeza: amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au amefika miaka 5 na hali haipungui.

Anzia kliniki ya mama na mtoto ya kituo cha karibu, wao ndio wanaoandika rufaa. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ina wataalamu wa afya ya akili; Moshi kuna hospitali ya KCMC, Mwanza kuna Bugando. Eleza kwa mifano, siku na dakika, kwa sababu "ana hasira sana" husemwa na kila mzazi kwenye lile benchi. Na ukiambiwa "atakua tu" kabla hajapimwa masikio na damu, omba kwa heshima apimwe, na ukae hapo mpaka uandikiwe.